Jaketi la Mvutaji

Nianze na hili kabisa ili tusije tukagombana mbele ya safari: wifi yangu hachoki. Nimeshakorofishana na watu wengi barabarani kwa jambo hilo hilo. Umesimama pembeni unatazama mbio za wanawake, yuko mmoja mbele anawakatia upepo wenzake, mgongo umenyooka kama mpini wa ufagio. Wakifika kwenye kituo cha mafuta anahamia kushoto, anainua mkono, anatoka barabarani. Hapo jirani yako, ambaye hata kulikimbilia basi hawezi, anasema yule kaisha, alijitia kimbelembele. Mimi ulimi wangu hauna breki. Namwambia yule hajaisha, yule kamaliza kazi yake, na wewe funga kinywa usimeze nzi.

Wakimbiaji wa mbio ndefu humwita mtu kama yeye mvutaji. Najua ukilisikia neno hilo utafikiri mambo ya sigara. Hata mama yetu alipoambiwa mara ya kwanza kwamba mkwewe mpya ni mvutaji, alimsogelea binti wa watu akamnusa nguo. Lakini maana yake ni hii. Mkimbiaji anayetaka kushinda hapendi kukaa mbele tangu mwanzo, kwa sababu huko mbele atapambana na upepo, na saa, na mawazo yake mwenyewe, afike mwisho hana kitu mguuni. Basi anatafutiwa mtu wa kukaa mbele yake na kushika mwendo waliokubaliana, usizidi wala usipungue, yeye anafuata nyuma akitazama kisogo. Huko ndiko kuvuta. Wakifika mahali palipopangwa, mvutaji anaachia. Anatoka pembeni, anavalishwa kitu asipigwe na baridi, na wale aliowavuta wanakwenda kumalizana wenyewe. Picha zinapigwa huko mwisho. Saa hiyo mvutaji yuko kwenye kituo cha mafuta anaulizia choo.

Sisi kwetu ni watatu. Kaka ndiye mkubwa, naye ni kocha. Katikati niko mimi, fundi cherehani, na mashine yangu iko chumba cha mbele kinachotazama barabara, kwa hiyo hakuna kitu kinachonipita. Mdogo wetu ndiye nyota wa nyumba. Tunamwita Kitinda, kwa kuwa ni kitinda mimba, na jina halimtoki ingawa sasa ni mwanamke mzima mwenye miguu mirefu kuliko mlango. Wifi ni mke wa kaka. Kaka alimwona mazoezini akiwa hana kocha wala viatu vya maana, na kilichomvutia, nawaambia kama alivyoniambia, hakikuwa sura. Alisema, "Yule dada umpe mlima, umpe tope, mwendo wake ni ule ule." Kaka yangu anaposifia mtu hivyo ujue kashapenda.

Walipooana kaka akamwomba amvute Kitinda msimu mmoja tu, mpaka mtoto akomae. Wifi akakubali. Nani angekataa kumsaidia wifi yake mdogo, tena akiwa bibi harusi mpya, anatafuta nafasi yake ndani ya nyumba? Msimu ule ukazaa msimu mwingine, na huo ukazaa wenzake. Kitinda akaanza kuleta vikombe. Vimepangwa juu ya kabati la sebuleni kwa mama, na anayevifuta vumbi ni Wifi.

Neno lenyewe likaingia ndani likakaa kama mgeni asiyeaga. Vyombo vikijaa kwenye karai na kila mtu akajifanya haoni, mama anauliza, "Nani avute?" Wifi anakunja mikono ya blauzi. Kuna foleni ya alfajiri hospitali, Wifi atavuta, Kitinda atakuja kumpokea mama jua likishapanda. Mimi nami nililibeba mpaka kwenye kazi yangu. Nikiwa na sare nyingi za shule, fundi wa kwanza kushona kola namwambia wewe unavuta, sisi tunakufuata. Ni neno tamu ukiwa wewe si mvutaji.

Huko kazini kwake ndiko lilikoharibikia. Wifi anapiga pasi kwenye duka la dobi linalofua mashuka ya hoteli na nyumba za wageni. Meza za pasi zimepangwa safu moja, mvuke unapanda mpaka huoni mwenzako. Msimamizi wao, mwanamume mmoja mwenye shingo fupi, alisikia habari za mbio, akacheka, halafu akawaza. Kesho yake akamhamishia Wifi meza ya kwanza. Akawaambia wanawake wengine watazame mkono wake na wasiachwe. Mashuka yakikaribia kwisha anamtoa, anampeleka kuanza furushi jingine. Wenzake ndio wanaokunja la mwisho, wanajinyoosha migongo na kupiga soga. Walimnunia kwa muda mrefu, wakisema huyu anatuletea mbio za barabarani kwenye pasi. Alikuja kunisimulia huku anacheka, lakini macho hayakuwamo kwenye kicheko.

Sasa niwaeleze hilo jaketi, maana nililishona mimi kwa mikono yangu hii. Mvutaji akiachia anakuwa jasho tupu, na upepo wa asubuhi hauna huruma. Kaka alikuwa akimsubiri hapo kwenye kituo cha mafuta na sweta lake kuukuu, na mtu aliyechoka kuinua mikono avae sweta ni tabu tupu. Nikakata kitambaa cha kijani, nikaweka zipu mbele, makwapa nikayapanua sana. Kaka analifungua kwa mikono miwili. Wifi anafika, anamgeuzia mgongo, anarudisha mikono nyuma, na mikono inajiingia yenyewe. Kaka anapandisha zipu mpaka kidevuni, anampiga bega, anamwambia, "Kazi nzuri, mke wangu." Nililionea fahari jaketi lile. Watu walikuwa wakiniuliza nani kashona.

Mwaka huu Kitinda alikuwa ameshapata nafasi yake kwenye timu ya taifa mapema, kwa ushindi wake wa nyuma. Zikabaki mbio za uteuzi za kutafuta wengine watatu. Tulikuwa mezani Jumapili mchana, wote, Wifi akaweka kijiko chini.

"Mbio za uteuzi nataka kukimbia zangu," alisema. "Mpaka mwisho."

Kaka akatafuna kwa muda mrefu kitu ambacho nadhani alishakimeza. Akauliza mazoezi ya Kitinda yatakuwaje. Kitinda naye, mtoto wa mwisho ni mtoto wa mwisho, akasema hajazoea kisogo cha mtu mwingine. Damu ilinichemka, nikamwambia kisogo si mali yake. Aliyekata maneno ni mama. Alisema mwacheni mkwe wangu, tangu aolewe humu anatolewa kwenye sherehe kabla chakula hakijaletwa. Tukacheka, na kaka akacheka, na kwenye kicheko hicho akakubali. Lakini aliweka masharti yake wazi. Wifi akishika nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu, anaingia timu, na yeye kaka atamtafutia Kitinda mvutaji mwingine. Akikosa, anarudi mbele ya Kitinda na maneno hayo hayasemwi tena ndani ya nyumba ile.

Jioni yake nilimfuata uani akianua nguo. Nilitaka kumtania, nikakuta hataniki. Aliniambia, "Wifi, unajua mwisho wa ile barabara ninayovutia sijawahi kuufika nikikimbia? Naufika na basi, nimebeba mabegi ya watu." Nikaanza kumsaidia kuanua, mimi ambaye wateja wananiita redio.

Nimtendee haki kaka yangu. Alimfundisha kwa moyo. Mbio za mazoezi zile ndefu kabisa walizikimbilia upande wa pili wa kilima, kwenye njia ya udongo, ili lami isimle magoti, na huko Wifi alimaliza kila mara, tena akirudi anaimba. Wembamba wake ukawa mwingine, wa kisu. Kazini akamwambia msimamizi shingo fupi kwamba kwa sasa anataka meza ya katikati, na yule bwana, sijui alimwona nini usoni, akampa. Kitinda alifanya mazoezi peke yake, amevuta mdomo. Halafu ikatangazwa kwamba mbio za uteuzi zitapita barabara yetu wenyewe, ile ya kituo cha mafuta, ambayo Wifi ameikanyaga tangu aje kwetu. Tukashangilia. Tukasema Mungu kamletea mbio mlangoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyesita, na nyumba nzima ni ya wanamichezo na wajuaji.

Siku yenyewe ilikuwa na upepo na wingu jepesi. Mimi na mama tulisimama pale pale tunaposimama siku zote, kwenye kituo cha mafuta, mama amekalia benchi la fundi wa kuziba tairi. Kitinda, ambaye siku hiyo hakimbii, alikuwa kule zilikoanzia mbio, baadaye watu wa timu wakamtanguliza kule zinakoishia. Kaka alimpasha Wifi misuli, akapokea jaketi lake alipolivua, akalitupia begani, na mbio zilipoanza akapanda pikipiki ya rafiki yake kumfuatilia. Akatupita, akarudi, akashuka hapo kwetu ili amwone akija na kumwambia waliobaki nyuma wako umbali gani. Alikuwa roho juu. Aliniambia anakwenda vizuri mno, wako watatu tu, wengine wamekatika.

Kisha tukawaona. Wifi yuko mbele, na hao wawili wamejibanza nyuma ya mgongo wake, wametulia kama abiria. Nikasema moyoni, jamani, anawavuta. Hajui mahali pengine pa kukaa barabarani ila mbele. Lakini alikuwa mzuri siku ile, mguu mwepesi, uso hauna kunyanzi, na hata kama wale wote wawili wangempita mwishoni, wa tatu angekuwa yeye. Watatu ndio waliotakiwa. Mama alisimama kwenye benchi kwa viatu vyake, fundi wa tairi akamshika mkono asianguke.

Kaka akasogea ukingoni mwa lami ili amtazame vizuri. Akatoa jaketi begani. Akalifungua.

Sijui alifikiri nini. Nadhani hakufikiri. Alisimama pale anaposimama, akafanya anachofanya, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. Wifi akainua macho akaiona ile rangi ya kijani. Akahamia kushoto. Akainua mkono. Akatoka barabarani, akamgeuzia mumewe mgongo, akarudisha mikono nyuma, na makwapa yangu mapana yakampokea.

Kaka akapandisha zipu mpaka kidevuni. Akampiga bega. Akasema, "Kazi nzuri, mke wangu."

Wale wawili walikuwa wameshapita. Mmoja aligeuka nyuma mara mbili, haelewi. Mama akauliza, taratibu kabisa, "Huyu mbona kasimama?" Hapo ndipo nilipopata sauti. Nikapiga kelele, wifi rudi, wifi, leo ni yako. Nilimwona kaka akizinduka. Rangi ilimtoka. Alishika ile zipu aivute chini, zipu ikauma kitambaa na kukwama. Akaivuta kwa nguvu, ikakwama zaidi. Wifi alikuwa amesimama wima kama mtoto anayevalishwa, anaitazama mikono ya jaketi, halafu anaitazama barabara. Wakapita wengine watatu. Mwishowe kaka akaichana, meno ya zipu yakaruka, akamsukuma arudi barabarani.

Alikimbia hatua chache. Lakini miguu yake ilikuwa imeshaambiwa basi, na hata ingekubali, bwana mmoja wa usalama wa mbio mwenye kibendera alikuwa amesimama pale na simu yake ya upepo. Anamfahamu Wifi miaka yote. Alikuwa ameshawaarifu wenzake kwamba mvutaji katoka. Nilimwendea kwa hasira zangu zote, nikamwambia leo hakuwa mvutaji, leo alikuwa mkimbiaji. Alinitazama kwa huruma, akasema aliyetoka na kuvalishwa ametoka, mama, hata mimi inaniuma. Wifi akanishika mkono kunizuia.

"Mwache," akasema. "Nimeshaachia."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, na ni karibu, lakini njia ile ilikuwa ndefu. Hakuna aliyelia njiani. Nilitaka sana mtu alie ili nami nipate ruhusa. Kitinda alikuja jioni, akasikia, akaingia chumbani kwake, na sikuweza kujua kama alikuwa na huzuni au nafuu. Huenda vyote.

Kaka hakula. Nilimbana uani, nikamwambia yote niliyokuwa nayo, na nina mengi. Nilimwuliza kama alikusudia. Nilitaka aseme ndiyo, nimchukie nimalize. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ikining'inia katikati ya magoti.

"Nilimwona anakuja," alisema. "Nikafurahi tu."

Basi. Ndilo jibu nililolipata mpaka leo. Hata kumchukia alininyima.

Wifi alikwenda kazini kesho yake. Wenzake walinisimulia kwamba aliingia, akaning'iniza mkoba, akapita meza ya katikati na kusimama kwenye ile ya kwanza bila kuambiwa na mtu. Siku ile hakuna aliyemnunia.

Katikati ya wiki alikuja chumba changu cha mbele na jaketi limekunjwa vizuri, lina harufu ya sabuni na pasi. Alikuwa amelifua. Nilidhani atasema lichane upate matambara ya kufutia mashine, na mkasi nilikuwa nao mkononi, ningelichana kwa furaha ambayo sijapata kuwa nayo kwenye nguo yoyote. Alilifungua juu ya meza, akanionyesha mahali penye meno yaliyong'oka.

"Zipu imekufa, wifi," alisema. "Na Jumamosi navuta."

Nilimwambia sina zipu ya urefu ule. Nikasema zimeadimika mjini kote, labda mwezi ujao. Droo ya mashine yangu, iliyokuwa inagusa goti langu, imejaa zipu za kila rangi na kila urefu, na yeye anajua, kwa sababu mara nyingi amenisaidia kuzipanga. Aliitazama ile droo, akanitazama mimi. Akasema hakuna neno, atasubiri. Nililitundika jaketi kwenye msumari nyuma ya kiti changu, na kila jioni akitoka kazini alichungulia mlangoni kuuliza, nami kila jioni nikajibu bado. Nilijiona nimeshinda. Nilijisemea kwamba bila jaketi, mazoea ya mahali pale yatavunjika. Akifika na kukuta hakuna kitu, labda miguu itapita.

Jumamosi nilifunga kazi asubuhi nikaenda kituo cha mafuta. Kaka alifika kwa pikipiki akiwa mikono mitupu, amevitumbukiza mifukoni viganja vyote viwili, akasimama mbali na ukingo wa lami, karibu na pampu, mahali ambapo hajawahi kusimama. Hatukusalimiana vizuri. Nilijua naye amekuja na wazo kama langu.

Wakatokea. Wifi mbele, mgongo ule ule, mwendo ule ule, na Kitinda nyuma yake anatazama kisogo alichokizoea. Nikasema kimoyomoyo, pita. Hakuna anayekusubiri hapa, pita tu, leo hata kama ni mazoezi, nenda na huyu mtoto mpaka mwisho, mmalizane. Hata midomo ilikuwa ikinicheza.

Alihamia kushoto. Akainua mkono. Kitinda akampita bila kugeuka. Wifi akatoka barabarani, akasimama pale pale, akaipa barabara uso na sisi mgongo, na mikono yake miwili ikarudi nyuma yenyewe, ikakaa hewani, viganja vimefunguka, inasubiri kuvalishwa. Hakuna kilichokuja. Upepo ulikuwa unapiga na jasho linamtiririka shingoni, naye hakuishusha. Kaka akatoa mikono yake mifukoni, akaitazama kama vitu vya kuazima, hakujua aifanyie nini.

Sikuweza kusubiri nione nani ataishusha mikono ya Wifi. Niligeuka, nikarudi nyumbani kwa haraka, nikaketi kwenye kiti changu, nikalitungua jaketi msumarini. Nikafungua droo, nikachagua zipu ya kijani, ngumu, yenye meno ya chuma, nikaitia. Nilishona mara mbili pande zote. Jioni alipochungulia mlangoni kuuliza kama limekuwa tayari, nilimpa.